Baraza Kabla ya Ramani: Nani Msanifu wa Mtaa?

Ipo hoja inayorudiwa mno katika ofisi za mipango miji, na hata katika kumbi za vyuo vikuu, kwamba wakazi wa mtaa wanaweza kueleza shida zao lakini hawawezi kusanifu, na kwa hiyo ushirikishwaji, yaani kuwahusisha wananchi katika maamuzi yanayowagusa, hukoma pale maoni yao yanapokabidhiwa mtaalamu. Ngazi ya vipago 8 aliyoichora Sherry Arnstein mwaka 1969 ili kupima kina cha ushirikishwaji inajulikana vya kutosha. Linalohitaji kujibiwa ni dhana iliyojificha ndani ya hoja hiyo, kwamba usanifu ni uchoraji.

Uchochoro wa mtaa wa mabanda, ukipimwa kwa futi kamba, huandikwa kuwa njia isiyokidhi kiwango, ilhali anayeishi hapo anaujua kwa saa zake: alfajiri ni njia ya vibarua waendao viwandani kwa miguu; jua likipanda huwa mahali pa kufulia, beseni zikipangwa kando ya mtaro na kamba za nguo zikivuka kutoka bati hadi bati; alasiri huwa wa watoto, na giza likiingia wauza mboga na samaki wa kukaanga huwasha taa zao papo hapo. Kuamua jiko la muuzaji likae upande gani ili ndoo za maji zipite, na kamba ifungwe juu kiasi gani ili mwenye mzigo kichwani asikwame, ni usanifu kamili, kwa kuwa ni kugawa nafasi finyu kati ya watu wenye haja zinazogongana. Ramani iliyochorwa bila ujuzi huo ni picha ya kitu kisichokuwapo.

Mukuru, jijini Nairobi, ni ushahidi mzito zaidi. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji, maana yake eneo linaloruhusiwa kutungiwa mpango kulingana na hali yake badala ya viwango vya kawaida. Kwa kuwa kaya zipatazo 100,000 haziwezi kuitwa ukumbini, Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi lililoanzishwa mwaka 1996, pamoja na washirika wake, walizipanga katika makundi ya kaya kumi kumi, na mawazo yakapanda kutoka hapo hadi kwenye mpango wa eneo zima. Thamani ya utaratibu huo huonekana kwenye barabara, maana kila mita inayoongezwa kwenye upana wake hula vyumba vya watu, na wakazi ndio wajuao njia ipi lazima ipitishe gari la zimamoto na ipi inatosha kuwa ya miguu.

Wapinzani wana jambo moja la haki: mtaa hauna sauti moja, na mpangaji na mwenye nyumba hawatakii uwanja mmoja mambo yale yale. Lakini mgongano huo hauishi kwa kuhamishiwa mezani pa mtaalamu. Huko hufichwa tu, na mwenye nguvu hushinda kimya kimya. Wala bomoabomoa ya Novemba 2021 iliyowaacha maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga bila makao, kwa ajili ya barabara, haithibitishi udhaifu wa usanifu wa wakazi. Inathibitisha kwamba mpango wao haukupewa uzito uliostahili.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imelihifadhi jibu. Baraza ni benchi la mawe lililojengwa kandokando ya kuta za nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambapo watu huketi kupunga upepo na hata hupita juu yake mvua inapofurika njiani. Baraza pia ni mkutano wa kuamua mambo. Neno moja limebeba kikao na mahali pa kukalia, na waliolitumia hivyo hawakuwa na haja ya kufundishwa kwamba nafasi ya umma huzaliwa na mazungumzo ya wanaoitumia. Vyuo vya Afrika Mashariki vinavyofundisha upangaji miji na vimpeleke mwanafunzi barazani katika muhula wake wa kwanza, akae asikilize, ndipo apewe karatasi ya kuchorea.