Fadhila na Wajibu: Msamiati wa Kusaidiana na Ushuhuda wa Kigoma



Gungu ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Mwanafunzi wa ushairi wa kale akilisikia jina hilo huenda akakumbuka gungu, ngoma ya waungwana wa pwani. Gungu inayohusika hapa ni ya bara, karibu na Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Kiha na Kiswahili husikika katika ua mmoja. Kiha na Kirundi ni lugha mbili ambazo Guthrie aliziweka katika kundi moja, D60, na wasemaji wake husikilizana bila kuhitaji mkalimani. Jambo hili la kiisimu lina uzito katika mada ya leo, kwa sababu mji wa Kigoma umepokea watu waliokimbia vita na mauaji mwaka 1972, mwaka 1993, mwaka 1996 na tena mwaka 2015. Mhadhara huu unauliza swali moja: Kiswahili kinaliitaje tendo analofanyiwa mtu na mwingine ambaye hakubanwa na sheria, wala damu, wala mshahara?

Neno la kwanza kuchunguzwa ni fadhila. Mzizi wake wa Kiarabu unabeba maana ya kubaki baada ya haja kutimia, yaani ziada, na pia maana ya kuzidi kwa ubora. Ndimo lilimotoka neno afadhali. Kwa asili yake, basi, fadhila ni kile kinachozidi kipimo. Wajibu una kipimo, nayo fadhila huanzia pale kipimo kinapoishia. Ajabu ni kwamba neno mfadhili, ambalo lingetarajiwa kumtaja mtenda ziada, katika matumizi ya ofisi za leo linamtaja mtoa fedha mwenye mkataba, masharti na tarehe ya kupokea ripoti. Lugha haina kosa katika mabadiliko haya. Hata hivyo si vibaya kukumbuka kwamba neno lililozaliwa kutaja kilicho nje ya hesabu sasa linaishi ndani ya vitabu vya hesabu.

Neno la pili ni la Kibantu, nalo ni tajiri zaidi. Kitenzi toa kikipewa kiambishi -ji- cha kujirejelea huwa jitoa: mwanachama hujitoa katika chama, mgombea hujitoa katika uchaguzi. Kikiongezwa mnyambuliko wa kauli ya kutendea, huwa jitolea, na maana inageuka karibu kinyume chake. Aliyejitoa ameondoka, aliyejitolea ameingia. Tofauti yote imebebwa na mofimu moja ndogo, ile inayodai awepo mtu ambaye tendo linafanywa kwa ajili yake. Sarufi yenyewe inakataa kujitolea kusikokuwa na mlengwa, hata pale ambapo mlengwa huyo hakutajwa katika sentensi.

Historia ya taifa imeupima msamiati huu kwa namna ya pekee. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana waliokwenda kwa hiari. Mwaka 1966 sheria iliwalazimisha wasomi kujiunga, na wanafunzi wakaandamana Dar es Salaam mwezi Oktoba mwaka huo. Tangu hapo lugha ya kambini imekuwa na makundi mawili: vijana wa kujitolea na vijana wa mujibu wa sheria. Mujibu na wajibu ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Kambi, bila kukusudia, ilihifadhi tofauti ambayo wanafalsafa huiandikia vitabu. Lakini siku hizi mhitimu wa ualimu anayefundisha bila mshahara kwa miaka mingi, akisubiri ajira, naye huitwa mwalimu wa kujitolea. Yeye hakuvuka mpaka wa wajibu wake, amekosa kazi. Kumwita mwenye kujitolea ni kumsifu ili asilipwe, na neno linaloendelea kutumiwa hivyo hupungukiwa na thamani kama sarafu.

Mwezi Mei 2015 msamiati huu ulikutana na hali halisi huko Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Baada ya ghasia zilizofuata tangazo la Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, makumi ya maelfu ya watu walimiminika katika ufukwe huo mwembamba. Wengi walilala nje. Kipindupindu kilizuka na kuua watu wapatao 30, wakiwamo wenyeji. Barabara haikuwapo, njia ya kutokea ilikuwa maji. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, ilichukua watu wapatao 600 kwa safari hadi bandari ya Kigoma, nao wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Hapo lazima kutenganisha. Serikali ilikuwa na wajibu, kwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa na wajibu. Baharia na muuguzi walikuwa na wajibu, ingawa kipimo cha kazi yao hakika kilizidiwa. Mkazi wa kawaida, awe wa Kagunga au wa Gungu, hakuwa na wajibu wowote ulioandikwa. Alichokuwa nacho ni sikio linaloielewa lugha ya mgeni. Mtu akiomba maji kwa lugha usiyoijua, unaweza kujifanya hukusikia. Akiomba kwa lugha inayokaribia ya mama yako, njia hiyo imefungwa.

Tukio la 2015 lilipigwa picha nyingi. Lile la 1972 linafundisha zaidi, kwa sababu sehemu yake kubwa haikuonekana. Warundi wengi wa mwaka huo walipelekwa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Wengine hawakwenda, walibaki vijijini na mjini Kigoma. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti katika miaka ya 1980 akiyalinganisha makundi haya mawili, na mwaka 1995 akachapisha kitabu. Aligundua kwamba watu wa Mishamo walijijenga kama taifa lililo uhamishoni, ilhali wale wa mjini walilikwepa jina la mkimbizi: walioa na kuolewa, wakafanya biashara, wakatumia utambulisho uliofaa mahali walipo.

Utafiti huo kwa kawaida husomwa kama habari ya wageni. Unaweza pia kusomwa kama habari ya wenyeji. Hakuna anayeweza kulikwepa jina la mkimbizi mtaani ikiwa jirani yake analitamka kila asubuhi. Sheria ya mwaka 1965 ya kudhibiti wakimbizi iliipa serikali mamlaka ya kuwaamuru waishi katika makazi maalumu. Jirani aliyejua na kunyamaza alikuwa ametoka nje ya wajibu wake, na pengine alikaribia kuuvunja. Kwa tendo hilo Kiswahili kina neno: kusitiri. Wanafunzi hulifasiri kwa haraka kuwa ni kuficha. Lakini mwizi hafichwi kwa stara. Kumsitiri mtu ni kumfunika upungufu wake usionekane, ili asimame mbele za watu kama wengine. Msaada wa namna hii hautoi kitu kinachohesabika. Unaacha kusema neno.

Kinyume chake nacho kina jina: kusimbulia, au kusimanga, yaani kumtajia mtu wema uliomtendea ili umdhili. Methali zetu za punda na fadhila zake humlaumu mpokeaji asiye na shukrani. Haya masimango humlaumu mtoaji. Inafaa kuzingatiwa kwamba jamii iliona haja ya kuwa na kitenzi kizima kwa kosa hilo. Ilijua kwamba ziada iliyotolewa bila deni inaweza kugeuzwa deni baadaye, kwa ulimi tu. Hali hiyo imesikika pia mkoani Kigoma kila msitu ulipopungua na kuni kuwa mbali, na malalamiko ya wenyeji hayakuwa ya uongo.

Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 wa mwaka 1972, waliotoka katika makazi yale matatu. Waliokuwa wamekaa kwa majirani mkoani Kigoma hawakuwamo katika hesabu hiyo. Nyaraka za mapokezi yao ni chache mno, kwa kuwa aliyesitiri hakuandika, na aliyesitiriwa hakutaka kuandikwa.