Ulegevu wa Viungo na Maradhi Sugu Yanayoambatana Nao: Tatizo la Kumbukumbu za Mgonjwa

Mada kwa semina ya watoa huduma za afya na walimu, Buigiri, Wilaya ya Chamwino, Dodoma

Ulegevu wa viungo ni hali ya viungo kukunjuka kupita kiasi cha kawaida, na hupimwa kwa kipimo cha Beighton chenye alama 9, kinachoangalia vidole vidogo, vidole gumba, viwiko, magoti na uwezo wa kugusa sakafu kwa viganja bila kukunja magoti. Utafiti wa Beighton na wenzake uliochapishwa mwaka 1973 ulifanywa miongoni mwa Watswana wa Afrika Kusini, kwa hiyo hakuna msingi wa kuiita hali hii maradhi ya Wazungu. Wengi wenye viungo hivyo ni wazima. Wachache wana kasoro ya kurithi katika tishu unganishi, yaani nyuzinyuzi zinazoshikilia mifupa, ngozi, mishipa ya damu na utumbo. Miongoni mwao wamo wenye ugonjwa wa Ehlers-Danlos, uliogawanywa mwaka 2017 katika aina 13, ambapo aina ya viungo legevu, inayoonekana zaidi, haina hadi sasa kipimo cha maabara cha kuithibitisha.

Tatizo linalostahili muda wa semina hii liko kwenye kumbukumbu. Kwa kuwa tishu unganishi zimo mwili mzima, mtu yuleyule huteguka bega, huumwa tumbo, hupata kizunguzungu na moyo kwenda mbio akisimama, na huwa na uchovu usioondolewa na usingizi. Bega huandikwa kuteguka, tumbo huandikwa vidonda vya tumbo, kizunguzungu huitwa presha ya kushuka, uchovu hutibiwa kama taifodi au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na kila andiko huingia MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwa siku yake bila kukutana na jingine. Daftari la shule ambalo mgonjwa hulitumia kama faili likijaa hununuliwa jipya, na historia huanza upya. Mwanamke anayejitwisha ndoo ya lita 20 bega likachomoka, akalirudisha mwenyewe palepale kisimani, hufika hospitali eksirei ikiwa haina la kuonyesha, akaambiwa hana ugonjwa. Uhaba wa watumishi unaeleweka na mada hii hailaumu kituo chochote, lakini kumwita mtu mwongo kwa sababu vipimo ni safi ni kosa la kitaalamu ambalo halitokani na uhaba.

Inapendekezwa, kwanza kabisa, kwamba ukurasa wa mwanzo wa daftari uorodheshe matatizo yote ya mgonjwa pamoja, na unakiliwe kila daftari linapobadilishwa. Inapendekezwa pia kwamba mwenye kizunguzungu cha muda mrefu, baada ya kuangaliwa malaria, upungufu wa damu, ujauzito na kifua kikuu, apimwe mapigo na presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika 10; ongezeko la mapigo 30 au zaidi kwa dakika linaloendelea kwa mtu mzima, au 40 kwa kijana wa miaka 12 hadi 19, bila presha kushuka sana, ni dalili ya mwili kushindwa kuhimili kusimama, na kipimo hiki hakihitaji zaidi ya saa na mashine ya presha. Ushauri wa kuongeza maji na chumvi utolewe kwa uangalifu, usitolewe kwa mwenye shinikizo la juu la damu au maradhi ya figo, na uzingatie kwamba katika ukame wa Dodoma maji hayo huenda mgonjwa mwenyewe ndiye anayeyabeba. Kwa maumivu ya viungo, mazoezi ya kuimarisha misuli yatangulie diklofenaki ya kila siku, na kiungo kisivutwevutwe.

Kwa walimu wa Shule ya Msingi ya Wasioona Buigiri, inapendekezwa kwamba mwanafunzi mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu na lenzi ya jicho iliyohama asiishie kwenye faili la macho, kwa kuwa dalili hizo kwa pamoja huashiria ugonjwa wa Marfan, nao pia wa kurithi wa tishu unganishi, ambao hupanua mshipa mkuu wa damu utokao moyoni na unaweza kuua ghafla; apewe rufaa ya kipimo cha moyo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Anayelalamika kuumwa vidole kwa kubonyeza mashine ya breli apumzishwe, asihesabiwe mvivu. Inasisitizwa pia kwamba rufaa yoyote iambatane na nakala ya ukurasa ule wa mwanzo, na mpokeaji aujaze kabla ya kumrudisha mgonjwa kwenye zahanati yake.