Kabla ya kesi ya shamba, pitia kata

Mkulima wa Nambambo, wilayani Nachingwea, anakuta jirani amesogeza mpaka hadi mstari wa tatu wa mikorosho yake. Anataka kufungua kesi kesho yake asubuhi. Sheria inamwambia asubiri kwanza.

Hoja ya leo ni hiyo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, Baraza la Kata haliamui tena shamba ni la nani. Linasuluhisha tu. Nalo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri la umiliki mpaka kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Anayeruka hatua hiyo anaweza kuona shauri lake likiondolewa kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Wanafunzi wa sheria huisoma kanuni hii kwa ajili ya mtihani. Mkulima asiyeijua hupoteza nauli na muda.

Kwa upande mmoja, utaratibu huu una faida kubwa. Wajumbe wa kata, wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake, wanaijua mipaka na wanazijua koo. Majirani wakipatana, gharama za wakili hazipo.

Lakini tugeukie upande wa pili: mvamizi anaweza kupiga chenga siku zote 30 huku akiendelea kuokota korosho za mwenzake. Huo ni uonevu, na unastahili kutazamwa.

Je, nani alinde mavuno wakati usuluhishi ukiendelea?