MOTA YA KUGEUZA MAYAI IKIGOMA



Hapa Chamazi, kama kule Mbagala na Bunju, kuku ni sare za shule na ni dawa za mgonjwa. Yai la kuku huchukua siku 21 kutotoka. Katika siku 18 za kwanza ni lazima ligeuzwe. Lisipogeuzwa, kifaranga mchanga hunata kwenye utando wa ganda, akafa. Katika mashine ya kutotolesha, kazi ya kugeuza hufanywa na mota ndogo. Je, mota hiyo ikigoma siku ya 10, tufanye nini?

Kwanza, tuokoe mayai. Chomoa umeme, nawa mikono, geuza mayai kwa mkono, kisha funga mlango upesi na urudishe umeme. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku mpaka mota ipone.

Sasa tutafute ubaya. Mashine nyingine zina kompyuta ndogo sana iitwayo maikrokontrola. Hiyo huhesabu saa na kutoa amri. Amri yake ni volti 5 tu, tena haina nguvu ya kuzungusha mota. Kwa hiyo katikati huwekwa draiva, ambayo hupokea amri na kupeleka umeme wa betri kwenye mota.

Ni kama daladala. Konda hugonga bodi, dereva huondoa gari. Gari lisipoondoka, usimlaumu dereva kabla hujajua kama konda amegonga! Wengi wetu hukimbilia dukani kununua draiva mpya, nayo inaungua vilevile. Tupime kwa utaratibu:

1. Tazama trei. Je, imekwama? Mota iliyokwama hula umeme mwingi kupita kiasi. Hicho ndicho huunguza draiva.

2. Ondoa nyaya mbili za mota kwenye draiva. Ziguse kwenye betri ya volti 12. Mota ikizunguka, ni nzima. Zirudishe.

3. Pima umeme unaoingia kwenye draiva wakati mota imeamriwa. Ukishuka sana, betri ni dhaifu au waya umelegea.

4. Tazama waya hasi. Hasi ya betri na hasi ya maikrokontrola lazima ziungane. Zisipoungana, draiva haielewi amri.

5. Pima waya wa amri. Wakati wa kimya ni volti 0, wakati wa amri ni karibu volti 5. Volti 5 zisipoonekana, ubaya uko kwa konda. Zikifika, na umeme wa betri upo, lakini hakuna kinachotoka kwenda kwenye mota, hapo ndipo draiva imekufa.

Angalizo: draiva ya L298N hula karibu volti 2 yenyewe. Ukiingiza 12 mota ikapata 10, huo si ubaya. Tena isibebeshwe zaidi ya amperi 2 kila upande.

Haya yote ni ya upande wa volti 12. Upande wa umeme wa TANESCO, volti 230, mwachieni fundi. Anayetaka kujifunza zaidi, VETA ina chuo Chang'ombe, hapahapa Temeke, na ufundi wa umeme hufundishwa.

Ndugu zangu, andikeni kila kipimo kwenye daftari la kikundi. Kipimo kilichoandikwa humsaidia fundi, na huokoa fedha yenu. Haraka haraka haina baraka. Pima kwanza, nunua baadaye.