Mkoba wa Kurudi Nyumbani

Asubuhi kila mtu anajua anakokwenda. Wa Posta anakwenda Posta, wa Kariakoo anakwenda Kariakoo. Simu, funguo, chakula cha mchana, basi, mkoba umekamilika. Jioni ndiyo yenye mambo, na mimi nasema mkoba ufungashwe kwa kuifikiria jioni.

Chukua masika hapa Dar es Salaam. Unatoka Kimara jua linawaka. Saa tisa alasiri mvua inamwagika, maji yanajaa Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa. Mwavuli hapo hausaidii kitu. Heri uwe na ndala za kuvaa badala ya viatu vya ofisini, na simu yenye chaji uwaambie wa nyumbani wasikusubiri kula.

Halafu kuna msiba, ambao haumo kwenye ratiba ya mtu. Uko kazini, simu inaita: mzee wa jirani hatunaye. Waislamu hawacheleweshi kuzika, kwa hiyo kama ni Mwislamu huenda akazikwa baada ya alasiri hiyohiyo, na muda wa kupitia nyumbani hakuna. Mwanamke mwenye khanga mkobani anajifunga, anajitanda, anaingia kwa heshima zake. Khanga hiyohiyo jana ilimkinga na manyunyu, juzi ilimfunika mtoto aliyelala kwenye daladala. Sijaona kitu kingine chenye faida kama hiyo kwa uzito ule mdogo. Sisi wanaume je? Kofia ya kitambaa inakunjwa ikaingia hata mfukoni, lakini nenda makaburini uone watu wazima waliojifunika kichwani vitambaa vya kufutia jasho.

Na ukipitia sokoni jioni, kumbuka kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini. Enzi za mifuko hiyo, tuliyoiita rambo, muuza nyanya alikufungia bila hata kuuliza. Leo wengi wetu tunanunua mfuko mbadala kila jioni, na jikoni nyumbani imejazana mingine kibao ya wiki nzima. Mmoja tu ungekaa mkobani, fedha hiyo ingebaki.

Chenji isiingie mkobani kabisa. Iweke mfukoni au kwenye pindo la khanga, kwa sababu kufungua mkoba katikati ya msongamano wa Mbagala, konda anagonga bati na watu wamekubana kila upande, ni kumkaribisha kibaka.

Na maji? Lita moja ni kilo moja, kabla hujapima chupa. Kama kazini yapo, ya nini kuyabeba kutwa?

Linaloniudhi hasa ni vyeti. Mtu aliombwa cheti cha kuzaliwa mwaka juzi, akakitia kwenye bahasha, na mpaka leo anazunguka nacho pamoja na vyeti vya shule, eti huenda kazi ikatokea njiani. Ndugu yangu, toa nakala. Vyeti halisi vilale kabatini, maana mkoba ukikwapuliwa na wa pikipiki, utaanzia polisi kuchukua taarifa ya upotevu, uende RITA kwa cheti cha kuzaliwa, kisha Baraza la Mitihani kwa vile vya shule, na huyo mkwapuaji atakuwa ameshavitupa mtaroni maana yeye alitaka simu.