Pasipoti Haiombwi kwa Dalali



Katika vijiji kama vya Mogitu, chini ya Mlima Hanang, mwananchi anayetaka pasipoti huweza kuambiwa kwamba sharti aende Dar es Salaam, amtafute mtu wa kumshughulikia, na kwamba kitambulisho cha Taifa peke yake chatosha. Yote matatu ni mawazo potofu.

Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018. Fomu yake hujazwa mtandaoni, kisha mwombaji huwasilisha nyaraka zake mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Kwa Manyara, ni Babati. Dalali hana nafasi hapo. Zaidi ya kitambulisho, hutakiwa cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi.

Hapo ndipo penye mzizi wa tatizo. Wazee wengi walizaliwa nyumbani wala hawakuandikishwa. Kijana wao akipata nafasi ya masomo ng'ambo, siku humwishia akisaka karatasi, na mlanguzi humnasa.

Ni wajibu wa mwalimu na mtumishi kuwahimiza wazazi waandikishe vizazi mapema. Cheti kikiwepo nyumbani, mwananchi hatanunua kilicho halali yake.