Elimu na Amali: Mlimani na Kiwandani



Wanazuoni wameandika mengi juu ya elimu na amali, na wanafunzi wengi huishia kuzihesabu kuwa ni milango miwili ya kitabu. Leo tunachukua mfano wa mji wetu huu huu.

Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Mlimani, waliunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni. Jarida lao, Cheche, lilichapisha mwaka 1970 uchambuzi mkali wa Issa Shivji juu ya matabaka nchini. Kabla ya mwaka huo kwisha, chama na jarida vilipigwa marufuku. Hapo hapo alisomesha Walter Rodney, ambaye kitabu chake juu ya Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972. Hawa hawakuwa watu wa mchezo. Lakini maandishi yao makuu yalikuwa ya Kiingereza. Mchukuzi wa Kariakoo, ambaye ndiye aliyezungumziwa, asingeweza kuwajibu hata angetaka.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwezi Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, waraka mfupi wa Kiswahili. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwadharau na kuwaonea watu. Wafanyakazi wakaishika ibara hiyo kuwa hoja yao. Meneja aliyetukana alikumbushwa. Migomo ikafuatana, hata mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapa Dar es Salaam, wakamweka kando mwenye mali na kuendesha kazi wenyewe. Wala hilo silo walilolitarajia wakubwa walioutoa waraka!

Je, nadharia haina kazi? La hasha. Shivji aliirudia migomo ile na kuichambua katika kitabu chake cha mwaka 1976, na uchambuzi wa matabaka ukapata ndani yake watu wenye sauti. Mwanazuoni amekwenda kusoma kwa mfanyakazi. Mpangilio huo ndio tunaouona kuwa sahihi.

Nasi tuliosoma kwa Kiarabu hatuna haki ya kuwacheka waliosoma kwa Kiingereza. Vitabu vyetu vya mauziano na ijara vimejaa hukumu za haki ya kibarua, na kibarua mwenyewe yuko sokoni hajui kuwa zipo. Basi darasa la milango hiyo litasomwa kwa Kiswahili, baada ya Swala ya Isha, na maswali yataanza na wachukuzi na wauza mitumba.